"Hapana" na "Bado": Ombi la Kulala Linapokikuta Kifaa Kazini

Makala haya yanahusu neno dogo, *bado*, na kazi ambalo lingeweza kuifanya ndani ya kompyuta. Swali hili nimelifikia kwa njia ya hasara.

Nilikuwa Misisi, katika eneo la Fizi, nikirekodi hadithi za Kibembe kwa mzee mmoja. Umeme niliupata kwenye paneli ya jua, kwa hiyo kompyuta nilikuwa nimeipangia ilale ikikaa dakika tano bila kuguswa. Jioni nilianza kunakili rekodi kwenye diski ya nje, nikaenda kula. Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi. Nikadhani kazi imekwisha, nikachomoa diski, na asubuhi nikaifuta kadi ya kinasa sauti ili nipate nafasi. Hadithi ya mwisho ilikuwa imekatika katikati.

Kosa la kuchomoa ni langu. Lakini kwa nini mashine ilikubali kulala? Saa ya kulala, kama ilivyokuwa kwenye mashine yangu, huhesabu mikono ya mtumiaji, wala haiiangalii diski. Katika Linux, ombi likishafika, programu za mtumiaji hugandishwa kwanza (kwa kawaida hupewa sekunde 20 zitulie), kisha vifaa huulizwa. Kifaa kimoja kikikataa, zoezi lote huvunjwa na vilivyokwisha kulala huamshwa. Ni utaratibu mzuri, ila tazama mpangilio wake: diski inapoulizwa, programu iliyokuwa ikiituma imeshagandishwa. Diski inajibu kweli tupu kwamba haina kazi. Aliyestahili kuulizwa ni programu ya kunakili.

Ipo njia ya programu kujisemea mapema. Katika mifumo mingi ya Linux inaweza kuomba usingizi uzuiwe kabisa, au ucheleweshwe, kwa kawaida kwa sekunde 5 tu. Windows, hadi toleo la XP, iliziuliza programu kabla ya kulala, nazo ziliweza kukataa. Kuanzia Vista zinaarifiwa tu. Uamuzi huo si wa kijinga: kompyuta iliyokataa kulala kimyakimya hupata joto ndani ya mkoba hadi betri iishe. Kwangu mimi, jibu linategemea nani ameomba. Ombi likitoka kwa saa, kifaa chenye kazi kisikilizwe. Likitoka kwa betri inayokata roho, kipewe sekunde chache za kufunga faili, basi.

Sasa turudi kwenye lugha. Linux inaweza pia kulaza kifaa kimoja peke yake huku mashine ikiendelea na kazi. Hapo kifaa kikijibu kwa msimbo EBUSY au EAGAIN, kinaachwa macho na kinaweza kuulizwa tena baadaye. Kikijibu kwa kosa jingine lolote, kinahesabiwa kuwa kibovu, na hakiulizwi tena mpaka hali yake ipangwe upya. Mzungumzaji wa Kiswahili anaitambua tofauti hiyo mara moja. Anayeulizwa "Umekula?" akajibu "Bado" amekanusha, lakini ameacha sufuria jikoni. Sarufi yetu ina hata kiambishi cha kazi hiyo: *diski hailali* ni jambo moja, *diski haijalala* ni jingine. Kwa hiyo tafsiri kama "Kifaa kina shughuli" naiona pungufu, maana haimwambii mtu kama angoje au akate tamaa. Ningeandika: "Diski bado inaandika, usiichomoe."

Nilimrudia mzee. "Mzee, mashine ililala kabla ya kumaliza." Akaniuliza, "Ilifika wapi, mwanangu?" Nikamwambia. Hakuanzia hapo, alianza upya tangu mwanzo, na sungura, ambaye mara ya kwanza alikuja peke yake, safari hii alikuja na mkewe. Nimeziweka kama hadithi mbili, ya kwanza nusu.