Kuunda Mashua Ndogo ya Tanga, na Hesabu Yake

Wengi wetu tulioko hapa Kambarage, mjini Shinyanga, huona maji mengi wakati wa likizo tu. Lakini wenzetu watokao Nkome, Nungwe na sehemu nyingine za Geita zilizo kando ya Ziwa Viktoria wamekua wakiona mashua kila siku. Kwa hao, na kwa yeyote apendaye useremala, nataka kueleza jinsi ya kuunda mashua ndogo nyumbani. Nitaanza na hesabu kabla ya msumeno, kwa maana ni hesabu itakayotuambia ni watu wangapi waweza kupanda na kurudi salama.

Kwa anayeanza, mashua iliyo bapa chini ndiyo rahisi. Tuseme urefu wake ni mita 3, upana mita 1.2, na kimo cha ubavu sentimeta 45. Kwa kuwa omo limechongoka, eneo la chini ni kama mita za mraba 2.5. Ikizama sentimeta 15, itasukuma maji mita za ujazo 0.375, yaani kilo 375. Na chombo kinachoelea, kama alivyogundua Archimedes, huwa na uzito sawa na wa maji kinayoyasukuma. Mashua yenyewe, pamoja na mlingoti na tanga, yaweza kufika kilo 120. Zimebaki kilo 255: watu 3 wa kilo 70 kila mmoja, na kilo 45 za nyavu na nanga.

Sasa ubavu umebaki juu ya maji kwa sentimeta 30. Upepo ukiilaza mashua, ubavu mmoja hushuka. Kutoka katikati hadi ubavuni ni sentimeta 60, basi maji yataingia ikilala kwa nyuzi 27 hivi. Wakipanda watu 8 na mizigo ile ile, mashua itazama sentimeta 29, na ubavu utabaki na sentimeta 16 tu. Hapo nyuzi 15 au 16 zatosha kuijaza maji. Kwenye maji matulivu wote 8 wangejiona salama kabisa! Tusisahau kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, nacho kilikuwa kimejaza kupita kiasi; zaidi ya watu 200 walikufa.

Tuje kwenye kazi. Mbao ziwe kavu, za mninga au mvule, unene sentimeta 2. Simamisha taruma la katikati na ubao wa tezi, kisha pinda mbao za ubavuni hadi zikutane omoni. Zikikataa, zifunike kwa magunia yaliyolowa maji ya moto. Mbao za chini zipange kukingama. Zamani mafundi wa visiwa vya Sese, Uganda, walishona mbao kwa nyuzi za mimea. Sisi tutumie misumari iliyopakwa zinki, isiyoshika kutu upesi. Chini pigilia mkuku tangu omo hadi tezi, kwani mashua bapa bila mkuku husukumwa upande kama jani.

Kwa kalafati hatuna haja ya kwenda mbali, maana pamba ni zao letu. Isokote, ichovye katika mafuta, uishindilie kwa patasi butu katika kila mwanya. Kisha acha mashua majini penye kina kifupi siku nzima ili mbao zivimbe na kubana. Ikikauka tena, pima sentimeta 15 kutoka chini, na pande zote mbili uchore mstari mweupe. Maji yakiufunika, mtu mmoja ashuke.

Tanga la mita za mraba 4 latosha. Kamba yake ya demani ishikwe mkononi daima, wala isifungwe, ili upepo ukija kwa ghafula uiachilie mara moja. Kila abiria avae jaketi la kuokolea.

Hesabu ya kujaribu: watu 4 wa kilo 70 wanataka kuvuka na gunia la kilo 100, bila mzigo mwingine. Je, mstari mweupe utaonekana? Na mashua yaweza kulala nyuzi ngapi kabla maji hayajaingia?