Karatasi zinasema safi, sikio limelala

SWALI: Nilinunua mtoto wa German Shepherd huku Mamboleo, nikapewa na karatasi za ukoo. Sasa ana miezi saba na sikio moja halijasimama. Jirani anasema nimeuziwa chotara. Nitajuaje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwambie jirani apunguze kasi. Masikio ya wengi husimama kufikia miezi 6, lakini hata mwenye damu safi huweza kubaki na sikio lililolegea, na chotara akawa nayo wima yote mawili.

Mimi ningezitilia shaka karatasi kwanza. East Africa Kennel Club, iliyo Nairobi, huandikisha kwa kutegemea maelezo ya mfugaji. Mbwa koko akiruka ua usiku mmoja jike akiwa kwenye joto, nani atasema? Tena jike huweza kuzaa mkupuo mmoja wenye baba wawili, kwa hiyo ndugu wa mbwa wako akawa safi na wako asiwe.

Kama mbwa ana chipu, mwombe daktari wa mifugo aisome, mlinganishe namba na ya kwenye karatasi. Kisha mtake muuzaji akubali dume aliyetajwa apimwe DNA pamoja na wako. Ni kupangusa ndani ya shavu tu. Akianza kupiga chenga, dai pesa zako.

Chotara si mbwa mbaya. Chekoslovakia walimpandisha German Shepherd na mbwamwitu tangu 1955, tena waziwazi. Kama wako ni wa kulinda boma, mfuge. Ila usimzalishe kwa karatasi hizo kabla ya majibu.