Somo la Kikundi: Mama Ajifungulie Wapi?

Hapa Busia na Malaba bado tunasikia watu wakisema, "Mimi nilizaliwa nyumbani na niko hai." Ni kweli, wengi wetu tulipokelewa na wakunga wa kijiji, nasi tunawaheshimu. Lakini tujiulize: damu ikikataa kukoma, nyumbani kuna nini?

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa saa mbili tu. Hospitalini kuna sindano ya kukaza mji wa mimba, na damu ya kuongezwa. Nyumbani hakuna. Tena hakuna ajuaye mapema itampata nani, hata aliyezaa watano salama.

Jina la bodaboda lilizaliwa hapa mpakani kwetu, lakini usiku wa mvua utaipata wapi? Kikundi kipange mapema:

1. Mama aanze kliniki mapema. Jamaa ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.
2. Mwenye gari au bodaboda ajulikane, na nauli iwekwe kando.
3. Watafutwe watu wawili wa kutoa damu.
4. Mkunga amsindikize mama hospitalini, asiachwe nje.

Dalili hizi hazingoji: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege, homa, chupa kuvunjika, mtoto kuacha kucheza. Twende mara moja.

Tujadiliane: Mume akiwa safarini Uganda, nani kwetu ana ruhusa ya kusema, "Mama apelekwe sasa"? Tukubaliane leo, kabla ya uchungu.