Tusafishe Kuta za Mawe Bila Kuziharibu

Nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Mawe na chokaa ni jamii moja, na vyote huliwa na asidi. Siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo huonekana kung'arisha ukuta, kumbe zinaumaliza.

Mwenye nyumba, zingatia haya:

1. Unga mweupe ukutani ni chumvi. Ufagie kwa brashi laini ukuta ukiwa mkavu. Ukitangulia kumwaga maji, chumvi huyeyuka na kurudi ndani ya jiwe.

2. Kwa uchafu na ukungu, tumia maji baridi kidogo kidogo na brashi laini. Maji ya bahari yasitumike. Jaribu kwanza pembeni, pasipoonekana.

3. Epuka brashi ya waya, msasa na mashine ya kurusha maji kwa nguvu.

4. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na asidi. Gesi yake ni sumu.

Doa likirudi, tafuta paa au bomba linalovuja. Usizibe ufa kwa saruji, kwani hufungia unyevu ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Tumia chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua.

Kabla ya ukarabati wowote mkubwa, pata ushauri wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.