Si Kila Pigo ni Fimbo ya Mungu

Mdogo wangu uliyeniandikia baada ya mimba kuharibika, pole sana. Unasema mama mmoja wa kikundi chenu cha maombi amekwambia Mungu anakuadhibu, utafute ulipokosea. Umetafuta mpaka umefika kwenye mambo ya sekondari. Acha kutafuta.

Huyo mama ana wenzake kwenye Biblia. Elifazi, rafiki yake Ayubu, alipokosa dhambi ya kumbandika mgonjwa, aliitunga: ati Ayubu aliwanyima maji wenye kiu. Soma sura ya 42 uone Mungu alimkasirikia nani. Elifazi na wenzake wawili waliagizwa kutoa ng'ombe saba na kondoo dume saba, na Ayubu huyohuyo ndiye awaombee!

Utaniuliza, mbona mtoto wa Daudi na mke wa Uria alikufa? Sikwepi. Lakini tazama ilivyokuwa: Nathani alitumwa, akamtajia Daudi kosa lake usoni, la Uria aliyeuawa na mke aliyechukuliwa, na habari ya mtoto akaambiwa mapema. Daudi hakuachwa abahatishe. Mtoto anayechapwa bila kuambiwa kosa hajifunzi kitu, anamwogopa tu mwenye fimbo. Mungu halei hivyo. Nenda kliniki ukazungumze na daktari. Mimba nyingi zinazoharibika miezi ya mwanzo huwa na hitilafu za kromosomu, jambo ambalo mama hakulisababisha.

Najua pia watakutupia Waebrania 12, kwamba Mungu humrudi ampendaye. Ni kweli kabisa. Ila warudi nyuma kidogo, sura ya 10, waone walioandikiwa ni akina nani: watu waliotukanwa hadharani na kunyang'anywa mali kwa ajili ya imani yao. Taabu iliwapata kwa kuishika njia, si kwa kuiacha. Malezi yale yalikuwa ya kuwakomaza, na mwandishi mwenyewe anakiri kwamba yanauma.

Na nyinyi mnaolia milango imefungwa, ya kazi, ya ndoa, ya safari, hebu someni Matendo 16. Paulo alizuiwa kuhubiri Asia. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Hakuanza kujichunguza dhambi. Aliteremka Troa, na huko ndiko alikoonyeshwa Makedonia.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nawajua. Kuna mwenzetu amekula hela za kikoba, wanachama wamemjia juu, naye amefunga siku tatu anakemea roho ya kukataliwa. Dada, hiyo si roho, ni deni. Wewe hukuhitaji Nathani, kosa unalijua kwa jina na kwa kiasi. Hapo Mungu anakurudi kweli, tena kwa upole, maana bado hujafikishwa kwa mtendaji wa kata. Maombi yasiwe maficho. Mfuate mweka hazina kabla ya kikao kijacho, mtajie kiasi chote bila kupunguza, omba ulipe kidogokidogo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na zile zile ulizochukua, habari ya faini mtaongea.