Mwenye Msiba Asiachwe Peke Yake

SOMO LA JAMAA
Maandiko ya kusoma: Ayubu 12:7-10, Ayubu 2:11-13, Mwanzo 23, Yohana 11:32-36



Wengi wetu tuliofika hapa Mantapala tangu mwaka 2018 tuna wafu ambao hatukuwazika. Wengine walibaki njiani. Wengine tulisikia habari zao tukiwa tumekwisha kuvuka mpaka. Hakukuwa na kilio wala kaburi. Na tukilia leo, wapo wanaosema kwamba imani yetu ni ndogo.

Ayubu anatuambia tuwaulize wanyama. Basi tumwulize tembo, aliyekuwa mwingi huko Mweru Wantipa kabla ya majangili kumpunguza.

1. Tembo hampiti mfu wake
Mwezi wa Oktoba 2003, huko Samburu, Kenya, mtafiti Iain Douglas-Hamilton na wenzake walikuwa wakimfuatilia tembo mama waliyemwita Eleanor. Tarehe 10 alianguka. Tembo mwingine, Grace, alimwendea mbio, akamwinua kwa pembe zake, akamsukuma ili atembee. Miguu haikuwa na nguvu, Eleanor akaanguka tena. Wenzake Grace wakaendelea na safari, lakini yeye alibaki naye mpaka jua likazama. Kesho yake Eleanor akafa. Katika siku zilizofuata, tembo wa jamaa tano walifika kwenye mwili wake. Wengine waliugusa kwa mkonga, wengine walisimama tu.

Tuangalie jambo moja: Grace hakuwa wa jamaa ya Eleanor.

2. Mlezi mmoja hatoshi
Katika miaka ya 1970, mama Daphne Sheldrick wa Kenya alimlea mtoto wa tembo aliyefiwa na mama, jina lake Aisha. Alipoondoka kwenda kwenye arusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akafa. Tangu hapo, yatima wa tembo aliowatunza walipewa walezi kadhaa wanaobadilishana, mchana na usiku, ili mmoja akiondoka mtoto asibaki mkiwa.

3. Machozi si dhambi
Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia. Abrahamu, mgeni katika nchi ya watu, alimwombolezea Sara, kisha akatafuta mahali pa kumzika. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku zile saba walipokaa naye chini bila neno. Walikosea walipoanza kumhukumu.

Kwetu sisi
Ndugu zetu wa damu wako mbali, lakini jirani yuko. Tusiulize kwanza ametoka kijiji gani au ni wa kabila gani. Twende tukae naye. Tusimwachie mjane mmoja mzigo wa yatima wote wa nyumba ile, tupeane zamu. Na yule ambaye hakumzika mtu wake, tumfanyie kilio hapa hapa: tutaje jina lake, tuimbe, tuombe. Mungu anajua mwili ulipo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Ni nani katika jamaa yetu ambaye hatujamlilia?
2. Ni jirani gani tutakayekaa naye juma hili?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyelia kaburini, utufundishe kukaa na wenzetu. Amina.