Irabu za Kiingereza na Tahajia Zake: Mchango wa Methali

Si ajabu kumsikia mwalimu akidai kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu matamshi ya Kiingereza ya wanafunzi wake. Makala haya yanalipinga dai hilo. Yananuia kuonyesha kwamba mwanafunzi aliyelelewa na methali za Kiswahili tayari ana sikio la kumfaa, na kwamba methali ya Kiingereza ikiwekwa kando ya mwenzake wa Kiswahili humfunza irabu na tahajia kuliko orodha ndefu ya maneno.

Chanzo cha ugumu kinajulikana. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandikia. Kiingereza sanifu cha Uingereza, ambacho ndicho kielelezo cha shule zetu, huhesabiwa kuwa na irabu 20, nacho kinategemea herufi zizo hizo tano. Maneno “bus”, “shirt” na “card” yana irabu tatu tofauti; kwetu yakawa basi, shati na kadi, yote kwa a. “Bag” na “bank” yakawa begi na benki, kwa e. Ikumbukwe kwamba huo ni utaratibu wa sikio, wala si uzembe wa ulimi.

Tuitazame “A friend in need is a friend indeed”, ambayo kwetu ni Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Zote mbili zimefungwa kwa kina: dhiki na rafiki, “need” na “indeed”. Katika dhiki, i zote mbili ni moja. Katika Kiingereza, “in” na “is” yana i fupi iliyolegea, ilhali “need” lina i ndefu iliyokazwa, na ee ndiyo alama yake. Neno “indeed” limezibeba zote mbili, fupi kisha ndefu. Mwanafunzi akiikariri methali hii huku akikivuta kina, tofauti hiyo itamkaa ulimini kabla hajafunzwa istilahi yoyote. Aangalie pia “friend”: jicho linaona i na e, ulimi unatamka e pekee.

Yenye faida zaidi, kwa maoni yangu, ni “Haste makes waste”. Haraka haraka haina baraka ina irabu 12, na 11 kati yazo ni a. Methali ya Kiingereza nayo inarudia irabu moja mara tatu, ile inayoanzia kwenye e na kuteleza kuelekea i. Herufi e iliyo katika kila neno haitamkwi. Kazi yake ni kuashiria kwamba a iliyotangulia isomwe kwa jina lake la alfabeti. Kanuni hiyo inarudi katika “A stitch in time saves nine”, yaani Usipoziba ufa utajenga ukuta: “time”, “saves”, “nine”.

Mwanafunzi anayelisoma “time” kama ti-me huchekwa darasani. Hastahili. Katika karne ya 14, enzi ya Chaucer, neno hilo lilitamkwa karibu hivyo, na “make” lilikuwa na a ndefu. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama katika karne zilizofuata, ilhali tahajia ilikuwa imeanza kuganda baada ya William Caxton kuanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476. Kumbe aliyehama ni Mwingereza!

“A bird in the hand is worth two in the bush”, inayokaribiana na Usiache mbachao kwa msala upitao, iachiwe wanafunzi wa madarasa ya juu. “Bird” na “worth” yana irabu moja kwa tahajia mbili, na “two” na “bush” yanatofautisha u ndefu na u fupi.

Mwalimu aitamke methali kwanza, wanafunzi waiitikie, ndipo aiandike ubaoni. Katika mtihani wa KCSE, stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa maandishi; hivyo basi mtahiniwa huweza kuorodhesha maneno yenye matamshi sawa bila kuwahi kuyatamka hata mara moja.